Gunzi Kwenye Bomba la Kupumulia

Juzi mmoja wenu, jina lake naliacha kwa sababu bado kijana na aibu itampita, alinijia na habari ya lori linalovuja oili mbele, nyuma na ubavuni. Alikuwa amebadilisha gasketi mara tatu. Kila akifunga mpya, lori linakwenda mpaka Kikuyu ya hapa Dodoma na kurudi, kisha linalowa tena kama ng'ombe aliyevuka mto.

"Gasketi za siku hizi mbovu, mzee," akaniambia.

Nikamwambia aache gasketi, afungue bomba la kupumulia. Akanitazama. Injini ameishika miaka miwili, bomba hilo hajaligusa hata siku moja. Alipolifungua akachokoa kwa waya, ukatoka udongo uliochanganyika na oili, wa kutosha mbayuwayu kujengea kiota. Siku ya pili lori lilikuwa kavu. Akarudi kunishukuru, akaniuliza ni nani aliyenifundisha.

"Gunzi la mahindi," nikamwambia.

Akacheka kwa adabu, kama mtu anavyomchekea mzee ambaye akili imeanza kumtoroka. Kwanza mimi si mzee kiasi hicho. Mvi hizi nilizipata mapema, na wako watu walionisaidia kuzipata. Basi nimeamua kuandika ili mjue. Shule nilikaa miezi mitano tu, kwa hiyo mkikuta maneno yamekaa upande, yanyoosheni wenyewe. Na wale waliokosa nitawataja kwa majina, langu likiwemo. Mke wangu ananiambia niwasamehe. Nimewasamehe, Jumapili. Jumatatu mpaka Jumamosi nawataja.

Nilizaliwa Hombolo, baba yangu mfugaji, nami ndiye Ndahani mnayemwona akipita gereji na fimbo. Wakati wa Mdachi, yaani Mjerumani, miaka michache baada ya reli kufika Dodoma na kabla vita haijatutawanya, nilipata kazi kwenye yadi ya Bwana Kruse, karibu na stesheni. Kruse alikuwa Mdachi mnunuzi wa nta, ngozi na karanga kutoka upande wa Kondoa. Mizigo ililetwa na wapagazi na nyumbu, na kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuwasugua nyumbu. Kisha gari moshi likaleta kitu kilichofungwa turubai: motokari ya mizigo, magurudumu yake ya mpira mgumu usiotiwa upepo. Watu wakaiita Mbogo kwa ajili ya sauti yake.

Ilipowashwa mara ya kwanza, wenzangu wote walikimbia. Mimi nilibaki nimesimama. Si ushujaa, asubuhi ile nyumbu alikuwa amenikanyaga mguu. Bwana Kruse akaniona peke yangu pale, akasema, "Wewe huogopi. Utasafisha injini." Hivyo ndivyo nilivyoingia ufundi.

Kazi ile ilikuwa na thamani ambayo ninyi hamwezi kuijua. Mtu mwenye kazi kwa Mdachi hakukamatwa kwenda kuchimba barabara kwa lazima. Asiye na kazi alikamatwa. Na ukiipoteza kazi kwa kosa, kulikuwa na hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano, na baada ya hapo barua ya kukupeleka bomani utiwe mnyororo shingoni. Watu wa mnyororo walikuwa wakipita mbele ya yadi yetu, kumi kwa mnyororo mmoja, na mmoja akitaka kujikuna lazima wote wasimame. Kwa hiyo nikisema niliisafisha injini ile vizuri, muelewe kuwa nilikuwa nautunza mgongo wangu.

Dereva na fundi wa Mbogo alikuwa Idi, Mrangi wa Kondoa, mtu mfupi mkavu aliyejifunza injini pwani. Alisali sala zake zote tano, na kati ya sala moja na nyingine alinitania. Somo lake la kwanza kwangu lilikuwa hendeli, ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini mpaka iwake. Akanionyesha namna ya kuishika: gumba likae upande mmoja na vidole vingine, lisizunguke. Nikasikia, kisha nikaishika kama ninavyoshika jembe. Injini ikapiga nyuma, hendeli ikarudi kwa nguvu zake zote, gumba likahama mahali pake.

Fundi Idi akalivuta likarudi. Akasema, "Haya, gumba limeshaelewa. Sasa tungoje kichwa."

Gumba lenyewe ni hili lililonistaafisha mapema. Halishiki tena spana, ila linajua mvua siku mbili kabla yangu.

Msimamizi wa yadi, nyapara, alikuwa Feruzi. Alitoka upande wa Morogoro, na funguo za stoo alizivaa shingoni mchana kutwa. Sikieni habari yake vizuri, maana ndiyo iliyoniokoa. Feruzi hakumwamini mtu. Kila debe la oili, kila chupa ya mafuta ya taa, alikuwa akiiziba kwa gunzi la mahindi alilolivika kitambaa chekundu na kukifunga fundo analolijua mwenyewe. Mtu akifungua bila ruhusa, fundo humsemea. Wakati ule sisi Wagogo tulikula uwele na mtama. Mahindi aliyala yeye. Aliletewa gunia na ndugu za mkewe kwa gari moshi. Kila alipomaliza hindi, gunzi alilianika kwenye dirisha la stoo. Ukipita ukayaona yamepangwa pale, ungedhani yanauzwa.

Sasa ukaja mwezi wa nane, na vumbi la mwezi wa nane hapa kwetu halihitaji kuelezwa. Linaingia kwenye chumvi, kwenye masikio, ndani ya sanduku lililofungwa kufuli. Siku moja Bwana Kruse alimwaga oili ya Mbogo, akaisugua kati ya vidole, akasikia chenga za mchanga. Akapiga kelele yadi nzima ikasimama.

"Injini ina matundu. Ziba matundu yote."

Hakuinua kifuniko kuonyesha tundu lipi. Hakumngoja fundi Idi, aliyekuwa msikitini. Basi wa kwanza kumtaja ni huyo: Bwana Kruse, mtoa amri asiyenyoosha kidole.

Feruzi akaichukua amri kama ilivyo, akaniletea. "Ndahani, ziba matundu yote."

Nami nikatafuta. Nikaona bomba, nene mara mbili ya gumba langu, limetoka kwenye tumbo la injini likasimama wima, mdomo wazi, juu yake kipande cha wavu wa waya kilicholegea. Nikajiambia mwizi ndiye huyu, vumbi linapita hapa. Nyumbani kwetu mama akishajaza uwele kwenye kilindo, lile pipa letu la gome la mti, hukandika kifuniko kwa mavi mabichi ya ng'ombe mpaka hata fukusi asipate njia. Na kibuyu cha asali hukiziba kwa nta. Nta haikuwa shida katika yadi ile. Nikachukua bonge, nikalilainisha mkononi, nikaliziba bomba, nikapapasa juu kwa gumba mpaka likang'aa. Mama angeona angejivunia.

Wa pili wa kutajwa ni mimi, Ndahani.

Kesho yake tukashika barabara ya Kondoa. Tulipoipita Nkuhungu kidogo, harufu ya oili ikaanza kupanda. Fundi Idi akatazama chini.

"Ndahani, umenimwagia nini miguuni?"

"Sijamwaga kitu, fundi."

Mara kikasikika kishindo kidogo, pu, kama mtu aliyezibua chupa. Tukasimama. Fundi akainua kifuniko cha injini. Kwa ndani, juu kabisa, nta yangu imenata kama kinyesi kilichorushwa ukutani, inadondoka tone tone. Ilikuwa imelainika kwa joto, na pumzi ya injini ikairusha. Oili ilikuwa imetoka kila kiungo.

"Hii nini?"

"Nta, fundi."

"Nani katia asali kwenye motokari?"

"Ni mimi. Nimeziba vumbi."

Akaketi kwenye ubao wa kupandia, akacheka mpaka akavua kofia kujifutia macho. Alipomaliza akaniuliza, "Kwenu pombe ya asali mnaivundikia wapi?"

"Kwenye kibuyu."

"Mnakiziba?"

"Tunakiziba, ila tunapitisha unyasi mwembamba."

"Wa nini?"

"Kipumue. Kisipopumua kinapasuka, au kinarusha kizibo na pombe yote inamwagika."

Akaligonga bomba kwa ukucha. Nikatazama bomba. Nikatazama nta. Mpaka leo sijapata kufundishwa kitu kingine kwa maneno machache hivyo.

Ndivyo ilivyo, vijana. Moto unapowaka juu ya pistoni, hata ringi zinazoizunguka ziwe mpya, moshi kidogo hupenya kando yake ukashuka kwenye tumbo la injini, mle oili ilimo na krenki, ule mhimili wa chuma, inamozunguka. Moshi huo lazima utoke. Ukiunyima mlango utajitafutia: utaisukuma oili kwenye gasketi, kwenye ncha za krenki, kwenye kila bolti iliyolegea. Nanyi mtahangaika kuziba huku na huku, kumbe mnamfunga bandeji mtu aliyebanwa pua.

Fundi Idi alinifundisha kulipima kwa kiganja. Injini ikiwa imewaka na kupata moto, wekeni kiganja karibu na mdomo wa bomba. Mkisikia pumzi ndogo ya uvuguvugu, kama ya ndama aliyelala, tulieni. Ikija kwa nguvu, tena na moshi wa rangi ya samawati, ringi zimechoka, na kusafisha bomba hakutazirudishia ujana. Msiposikia kitu kabisa, zimeni injini kwanza, halafu ndipo mwulize kwa nini. Na fungueni polepole mfuniko wa kujazia oili. Ukipiga mluzi, mmeshajua pumzi iko wapi.

Asubuhi za baridi, mwezi wa sita na wa saba, mtakuta povu jeupe kama maziwa yaliyoganda chini ya mfuniko. Wengi hukimbilia kusema maji yameingia kutoka kwenye rejeta. Huenda ni kweli, lakini kwanza ulizeni gari linakwenda safari ndefu au linazunguka sokoni tu. Injini isiyopata moto wa kutosha haikaushi jasho lake, na jasho hilo likichanganyika na oili linakuwa uji, na uji ndio unaoziba bomba.

Vumbi nalo fundi alilitafutia dawa. Alilipasha bomba moto, akalikunja mdomo ukatazama chini, kinyume cha upepo wa mwendo. Ndani akatia vipande viwili vya wavu wa waya, katikati yake nyuzi za mkonge zilizofumuliwa zikawa kama nywele. Kazi yangu kila baada ya safari ilikuwa kuzitoa, kuziosha kwa mafuta ya taa, kuzikung'uta, kuziacha zikauke kivulini, kisha kuzichovya kwenye oili safi na kuzikamua. Oili kidogo inashika vumbi. Oili nyingi inaziba kama nta. Na nyuzi zisishindiliwe. Zishikeni taratibu kama mnashika kifaranga.

Lakini vumbi lenyewe, mtashangaa, halikuwa likiingia kwenye bomba hata kidogo. Tuliligundua baadaye. Lilikuwa likiingia kwa faneli, ile ya kumiminia oili, ambayo Feruzi aliiacha chali sakafuni mwa stoo wiki nzima, kisha akaitumia bila kuipangusa. Tulikuwa tunamlisha Mbogo mchanga kwa kijiko.

Tuliporudi kutoka safari ya nta, nilifanya kosa kubwa kuliko lile la kwanza: nilimsimulia Feruzi. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Fundi Idi akamwambia, "Nyapara, bomba lile ndiyo pua ya injini. Usiliguse, wala usimtume mtu aliguse."

"Mimi sipokei amri kwa dereva," Feruzi akajibu, akaenda kufunga stoo yake.

Haukupita mwezi, fundi Idi akaitwa Kondoa kumzika mjomba wake. Ngozi zilikuwa zimejaa njiani zinangoja, na Bwana Kruse hakutaka kungoja. Akasema ataendesha mwenyewe. Kabla ya safari akapima oili tena, akakuta tena mchanga. Mimi sikuwapo, alikuwa amenituma stesheni kuchukua kamba. Waliokuwapo walinieleza baadaye kwamba alimgeukia Feruzi akamwambia, "Nilisema matundu yote." Hakuongeza neno. Nilipofika na kamba zangu, Bwana alikuwa ameshakaa kwenye usukani, nikapanda.

Bomba nilikuwa nimelisafisha jana yake. Sikulitazama asubuhi ile. Litazameni kila asubuhi.

Safari hii harufu ilianza mapema. Nikavumilia, mwisho nikasema, "Bwana, oili inanuka."

"Nyamaza. Kaa."

Nikanyamaza, nikakaa. Tukaenda mwendo mrefu hivyo. Nilipogeuka nyuma niliona mstari mweusi umetufuata barabarani kama damu ya mnyama aliyejeruhiwa. Kisha nikasikia chini mlio wa ko, ko, ko, mwepesi mwanzo, halafu kama mtu anayetwanga. Beringi zilikuwa zinasagika, hakuna oili. Mbogo akatikisika mara mbili, akanyamaza.

Bwana Kruse akainua kifuniko, akapitisha mkono huku na huku. Akatia kidole kwenye mdomo wa lile bomba lililokunjwa, kidole kikagonga kitu. Akanitazama.

"Umeziba."

"Hapana, Bwana."

"Kumezibwa."

Hilo nalo sikulikana, maana kweli kulikuwa kumezibwa.

Tulivutwa na ng'ombe wanane mpaka Dodoma, siku mbili. Mwenye ng'ombe alikuwa mfugaji wa huko huko porini. Alitusalimia kwa kwetu, mbukwa, akaizunguka Mbogo taratibu, akaniuliza kwa Kigogo, "Hii ndiyo inayowashinda ng'ombe?" Nikamwambia ndiyo hii. Akawatazama ng'ombe wake, akawaambia, "Mmesikia?" Siku nyingine ningecheka.

Yadini Feruzi alitulaki mlangoni. Hakuulizwa, akasema mwenyewe.

"Bwana, ni huyu. Alishaziba bomba hilo kwa nta mwezi uliopita. Alinieleza mwenyewe, tena anacheka."

Kila neno lilikuwa kweli. Hapo ndipo paliponiuma. Uongo ningeupinga, lakini ukweli ule ulikuwa wangu, niliutoa kwa mdomo wangu mwenyewe. Bwana Kruse akasema: kesho asubuhi, mbele ya watu wote, hamsa ishirini, kisha barua ya boma. Na mpigaji atakuwa nyapara.

Wa tatu wa kutajwa, basi: Feruzi. Alijua. Hilo tu ndilo ninalomtajia. Kuziba aliziba kwa kuogopa, na mimi niliziba kwa ujinga, tuko sawa. Lakini alikishika kiboko hali anajua.

Asubuhi jua limeshapanda nikalazwa kifudifudi katikati ya yadi. Wapagazi walikuwa wamepangwa ukutani. Walinivua shati, mmoja akanishika miguu, mmoja mikono; aliyenishika mikono aliniambia polepole, "Nisamehe ndugu yangu." Nilikuwa nautazama mchanga kwa karibu sana. Kulikuwa na siafu mmoja anaburuta punje ya uwele, nikawa nashindana naye moyoni nani atafika mwisho wake kwanza. Nilisikia kiatu cha Feruzi kikijipanga.

Ndipo nikasikia, "Hodi."

Fundi Idi alikuwa ameingia, ametoka Kondoa na wapagazi wa ngozi, vumbi mpaka magotini. Hakuniangalia. Alimsalimu Bwana Kruse, akaenda moja kwa moja kwa Mbogo, akainama, akatazama tumboni. Akauliza kuna nini, wakamweleza.

"Bwana," akasema, "injini hii nitaifungua mimi. Naomba kwanza nijue imekufa kwa nini. Kiboko hakitaharibika kwa kungoja."

"Imekufa kwa nta," Feruzi akasema. "Ya huyu."

"Nta ipi, nyapara?"

"Nta. Alishawahi."

"Alishawahi, nami nilikuwapo. Hatukufika mbali, nta ikayeyuka ikaruka. Hii imekaa mpaka injini ikafa, na bado imekaa. Nataka kuiona nta isiyoyeyuka. Tutaiuza ghali."

Mtu mmoja ukutani alikohoa. Bwana Kruse akaashiria kwa kidevu: toa.

Fundi Idi akachukua waya, akaukunja ncha kama ndoana, akauingiza bombani. Akauzungusha, akauvuta. Haukutoka. Akautia tena. Mimi hapo nilikuwa nimegeuza shingo mpaka inauma. Kikatoka kitu cheusi, kirefu kama kidole cha mtu. Akakipangusa kwa kitambaa bila haraka, upande huu, akageuza, upande huu. Kisha akakiinua juu kila mtu akione.

Lilikuwa gunzi. Limevikwa kitambaa, na penye fundo, ambapo oili haikufika sana, kitambaa kilikuwa bado chekundu.

 Niliwaona wapagazi wote, wa kwanza mpaka wa mwisho, wakigeuza nyuso zao kwenye dirisha la stoo, ambako magunzi ya Feruzi yalikuwa yamejipanga yanaota jua.

"Ndahani," fundi akaniita. "Kwenu Hombolo mnalima mahindi?"

"Hapana, fundi," nikajibia mchangani. "Uwele."

"Na mkiziba kitu mnazibia nini?"

"Nta. Au mavi ya ng'ombe."

Akalichukua gunzi akaliweka juu ya kifuniko cha Mbogo, mbele ya Bwana Kruse, akarudi nyuma hatua mbili kama mtu aliyetenga chakula.

Bwana Kruse akalitazama gunzi, akatazama dirisha, akamtazama Feruzi. Feruzi akazishika funguo zake shingoni. Mwisho akasema, "Bwana, wewe ulisema matundu yote. Mara mbili ulisema. Nikaziba."

Ndipo nilipomwona Mdachi akikosa pa kuweka uso. Shingo ilimwiva. Alimsogelea Feruzi, akamnyang'anya kiboko, nikasema sasa anampiga yeye. Hakumpiga. Angempiga kwa lipi, kwa kutii? Alikwenda akakitundika kiboko kwenye msumari wake, akaingia ofisini, akafunga mlango. Tukasikia kiti kikilia alipokikalia.

Nimeifikiria siku ile miaka mingi. Kosa lilipokuwa langu, lilipatiwa mgongo mara moja. Lilipopanda likamfikia Bwana, halikupata mgongo, likatundikwa msumarini. Hakuna aliyeniambia pole, wala samahani, wala vaa shati lako. Mkitaka kujua kwa nini nawataja watu siku za kazi, ni kwa ajili hiyo.

Lakini nisiwadanganye kwamba saa ile niliyafikiri hayo. Saa ile nilikuwa bado nimelala. Walioshika miguu na mikono walikuwa wameshaniachia, nami sikuondoka. 

Fundi Idi akaja akasimama kichwani pangu. "Na wewe unangoja nini? Au mchanga umeupenda?"

Nikajaribu kuinuka, nikarudi chini. Nikaanza kucheka. Nilicheka nikiwa kifudifudi, mchanga ukaniingia mdomoni, nikautema, nikaendelea kucheka. Wapagazi nao wakaanza. Hata yule aliyeniomba msamaha.

Feruzi aliendelea kuwa nyapara. Msidhani alifukuzwa. Ila magunzi aliyaondoa dirishani siku ile ile, na tangu siku hiyo madebe yake aliyaziba kwa matambara matupu, na hakunipa tena amri isipokuwa mbele ya watu. Vita ilipokuja, Mbogo alichukuliwa, Bwana Kruse akaondoka na wenzake sijui kaishia wapi, na mimi nikabebeshwa mizigo ya watu wanaopigana kwa jambo nisilolijua. Nikatoka hai, nikapita na njaa iliyofuata, nikarudi kwenye injini. Fundi Idi alifia kwao Kondoa, na aliniachia wasia wa spana nne. Bado ninazo.

Feruzi nilikutana naye tena miaka ya baadaye, Kikuyu, amezeeka, anauza mahindi ya kuchoma. Alinitambua kabla sijamtambua. "Ndahani," akasema, "karibu hindi." Kwa umri wake nilipaswa kumwamkia shikamoo. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, akanichagulia hindi kubwa, akakataa malipo. Nililila lote nimesimama pale. Nilipomaliza nikamrudishia gunzi mkononi mwake. Alilitazama, akanitazama, akalitia kwenye moto wake wa kuchomea. Nikaenda zangu.

Turudi kwa Mbogo, maana ndiye niliyetaka kuwaeleza. Tulimfungua wiki tatu. Fundi Idi alimimina beringi mpya kwa risasi iliyoyeyushwa, akanifundisha kuzikwangua kwa kisu cha pembe tatu, nikapaka masizi kwenye krenki kuona panapogusa, nikakwangua tena, mpaka nilikuwa nazikwangua usingizini. Faneli tukaishonea mfuko wa turubai. Bomba nililisafisha mwenyewe, nikakata wavu mpya, nikafumua mkonge mpya.

Siku ya kuwasha, Bwana Kruse alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi, hakutoka. Nilishika hendeli, gumba upande mmoja na vidole vingine. Mbogo akakubali mara ya tatu. Tukamwacha apate moto. Kisha fundi Idi akanionyesha bomba kwa kichwa, nikaweka kiganja.

Pumzi ikaja. Ndogo, ya uvuguvugu, inakwenda na kurudi, haina haraka. Nilikiacha kiganja pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, na fundi Idi, ambaye hakuwahi kuniacha nizembee hata dakika moja, alisimama kando akaningoja.